Kufunga fremu ya mbao ya mlango nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni seremala, kazi zangu nyingi ziko Dar es Salaam na Pwani. Simu ninazopigiwa zaidi ni za mlango: unakwaruza, haufungi, unajifungua wenyewe usiku. Nikifika, mara nyingi nakuta mlango hauna kosa. Kosa liko kwenye fremu, na lilifanyika siku ambayo fundi mwashi na fundi seremala hawakukaa pamoja hata dakika kumi. Majibu haya ni ya nyumba ya kawaida: ukuta wa tofali za saruji, fremu ya mbao, mlango wa sentimita 90 kwa 210, yaani ule tunaouita futi saba kwa tatu.

Sehemu za fremu zinaitwaje?

Nguzo mbili za pembeni ni miimo. Ubao unaozifunga kwa juu ni kizingiti cha juu. Mlango wa nje unaweza kuwa na kizingiti cha chini pia. Ule mfereji uliochongwa ndani ya miimo ili mlango uegemee unapofungwa, mafundi wanauita ribeti. Ncha za kizingiti cha juu zinazopita miimo na kuingia ukutani ni masikio. Usimruhusu mtu ayakate kwa sababu tu yanamsumbua, ndiyo yanayozuia fremu isicheze juu.

Fremu isimamishwe ukuta unapopanda, au ukuta ukishakamilika?

Njia zote mbili zinafanya kazi. Ukiisimamisha ukuta unapopanda, tofali zinaijengea pembeni, masikio yanaingia ukutani vizuri na inashika kama imeota pale. Ubaya wake ni kwamba fremu itakaa miezi kwenye jua na mvua wakati unatafuta hela ya bati. Kwetu nyumba hujengwa kwa awamu, na nimeona fremu za mninga zilizokaa nje masika mawili zikapasuka kama kuni. Ubaya wa pili: vibarua wanapitisha toroli hapo hapo, na kila toroli lina lake la kugonga.

Mimi napendelea kuacha uwazi, nyumba ipauliwe, kisha fremu ziingie kabla ya lipu. Sio baada ya lipu. Ikiingia kabla, mpiga lipu anatumia uso wa fremu kama kipimo chake na ukuta unamalizikia hapo hapo vizuri. Ikiingia baada, utabomoa lipu pembeni na kiraka kitaonekana milele.

Niache uwazi wa ukubwa gani?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukokotoe polepole.

Upana kwanza. Mlango ni sentimita 90. Unahitaji nafasi ya milimita 3 kila upande ili usikwaruze, hapo ni 90.6. Mwimo wa inchi 2 ukishapigwa randa unabaki kama sentimita 4.5, ukichonga ribeti ya sentimita 1.2, nyuma ya ribeti inabaki 3.3. Zidisha mara mbili kwa miimo miwili, ni 6.6. Jumla ya fremu kwa nje ni sentimita 97.2. Ongeza kama sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya kabari na mota, unapata uwazi wa mita moja kamili. Mwambie mwashi "mita moja" na asikuletee 92.

Kimo sasa, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Kimo kinahesabiwa kutoka sakafu iliyokamilika, sio kutoka kwenye jamvi, lile zege tupu la chini kabla ya sakafu. Chini ya mlango acha milimita 8, mlango ni 210, juu yake milimita 3, kisha kizingiti 3.3. Ni sentimita 214.4 kutoka juu ya marumaru. Acha sentimita moja na nusu hivi chini ya lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya uwazi, ni 216. Lakini chini ya marumaru kuna sakafu ya saruji ya sentimita 4 hivi, na marumaru pamoja na gundi yake sentimita 1.5. Kwa hiyo kutoka kwenye jamvi hadi chini ya lenta unahitaji karibu sentimita 221 na nusu.

Mwashi aliyezoea atakumwagia lenta kwenye futi saba kutoka kwenye jamvi, sentimita 213 hivi, na atakuambia hivyo ndivyo nyumba zote zilivyo. Ni kweli, ndiyo maana nyumba nyingi zina milango iliyokatwa chini. Mlango wa fremu na paneli ukikatwa sentimita 8 chini, ulimi wa ubao wa chini, ile ncha inayoingia kwenye tundu la kiungo, unabaki bila nyama na mlango unaanza kulegea. Kama unataka kidirisha cha juu ya mlango kwa ajili ya hewa, ongeza kimo chake kabla ya lenta, sio baada.

Nitajuaje sakafu iliyokamilika itafika wapi wakati bado kuna jamvi tu?

Mstari wa mita moja. Chagua ukuta mmoja, kadiria sakafu itakapofika (jamvi jumlisha sentimita 5.5 kwa mfano wetu), kisha pima mita moja juu ya hapo na uchore alama. Chukua mpira wa maji, ule unaoonyesha maji ndani, na uhamishe alama hiyo kwenye kila uwazi wa mlango nyumba nzima. Hakikisha mpira hauna povu la hewa ndani, povu moja tu linakudanganya. Kuanzia hapo, kila fundi anapima kutoka kwenye alama hiyo: seremala, mpiga lipu, mtu wa marumaru, hata fundi umeme. Kazi ya nusu saa na watu wawili. Nyumba isiyo na mstari huu naijua nikiingia tu, vichwa vya milango vinapanda na kushuka kwenye korido kama ngazi.

Mbao gani nichukue?

Mninga kama mfuko unaruhusu. Unatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora, Katavi, Ruvuma na kwingineko, na sifa yake kubwa ni utulivu: ukishakauka haujipindi, haupanuki sana mvua ikija, na unakubali patasi. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi, unafaa sana mlango wa nje, ila utalaumu misumari yako. Toboa kwanza kwa keekee. Mtiki, au msaji kwa wale wanaopenda jina la zamani, unapatikana kutoka mashamba kama Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Mvomero. Ni mbao nzuri sana, una mafuta yake yenyewe yanayousaidia dhidi ya maji, ila angalia usiuziwe wa mti mchanga wenye sehemu kubwa nyeupe. Ile nyeupe ya pembeni ni chakula cha wadudu, kwa mti wowote ule.

Paini ya Sao Hill, Mufindi, ni ya bei nafuu na watu wanaitumia. Kwa mlango wa chumba cha ndani, ikiwa imekauka na ina dawa, itakufaa. Kwa mlango wa nje, au nyumba iliyo kwenye udongo wa mchwa, utakuja kuibadilisha.

Ukinunua mbao ngumu nyingi, chukua risiti na uulize kuhusu kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, kile watu wanachokiita TP. Maofisa wa misitu wakikusimamisha njiani bila karatasi, mzigo ni wako na maelezo ni yako.

Nitajuaje kama mbao imekauka kweli?

Muuzaji atasema imekauka. Kila muuzaji anasema hivyo. Chukua mbao mbili za aina moja na ukubwa mmoja, zinyanyue. Mbichi ni nzito kwa namna ambayo mkono unaijua. Weka kiganja kwenye sehemu iliyokatwa: mbichi ina ubaridi. Randa kidogo, vumbi la mbao mbichi linajikunja na kushikana, la mbao kavu linamwagika. Wenye kipimo cha unyevu wanatafuta kati ya asilimia 12 na 15 kwa nyumba za pwani.

Usipokuwa na uhakika, nunua mbao mapema. Zipange kivulini penye upepo, kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja vilivyopangwa vikinyookeana kutoka chini hadi juu, na juu kabisa uweke uzito. Inchi 2 inataka miezi, sio wiki.

Mbao ya inchi mbili kwa sita au mbili kwa tano?

Inategemea ukuta. Tofali la inchi 6 likisimamishwa ni sentimita 15, weka lipu ya sentimita moja na nusu kila upande, ukuta unakuwa 18. Mbao ya mbili kwa sita iliyopigwa randa ni kama 14.5. Kwa hiyo haijazi ukuta wote, na haitakiwi. Upande ambao mlango unafungukia, uso wa fremu ulingane na uso wa lipu, maana yake fremu itokeze nje ya tofali tupu kwa sentimita 1.5. Upande wa pili utabaki umezama sentimita 3.5 na mpiga lipu atauzungushia kona safi.

Kwa tofali za inchi 5 ukuta unakuwa kama 15.5, na mbili kwa sita inakaribia kujaa kabisa. Ukuta wa tofali zilizolazwa ni inchi 9 bila lipu. Hapo usihangaike kujaza, fuata tu uso wa upande wa mlango. Mbili kwa tano haina ubaya kwa vyumba vya ndani kama miti ni mizuri. Ninayoikataa ni mbao ya inchi moja na nusu kwa mlango wa nje: ukichonga ribeti na kutoboa tundu la kitasa hakuna kinachobaki.

Nieleze hatua za kuisimamisha.

Fremu ifike ikiwa imeungwa kwa ulimi na tundu, sio misumari tupu, na chini ya miimo kuwe na ubao umepigiliwa kuvuka kutoka mwimo hadi mwimo. Upana wa ubao huo ulingane na upana wa juu, kwa milimita. Hautolewi mpaka mwisho wa kazi.

Kabla haijaingia ukutani, laza fremu chini upime pembe kwa pembe. Ndani ya ribeti upana ni 90.6, ukipima kona ya juu kushoto hadi chini kulia na ile nyingine, vipimo viwe sawa. Vikitofautiana hata nusu sentimita, isukume pembe moja mpaka vilingane, kisha pigilia kijiti cha mshazari kwenye kona ya juu kuishikilia. Asiye na pembemraba kubwa apime sentimita 60 upande mmoja wa kona na 80 upande mwingine. Kati ya alama hizo mbili inatakiwa iwe 100 kamili.

Paka nyuma ya fremu, upande utakaogusa tofali, rangi ya lami au praima mikono miwili. Acha ikauke.

Sasa ingiza. Weka vipande vya mbao au marumaru chini ya miimo mpaka kimo kilingane na mstari wa mita moja. Kama fremu ni 214.4 basi sentimita 114.4 ziwe juu ya mstari. Anza na mwimo wa bawaba. Huu ndio mfalme wa fremu, wengine wote wanamfuata. Ning'iniza timazi kutoka juu, upime umbali wa uzi na mbao juu, katikati na chini: uwe mmoja. Fanya hivyo kwenye uso wa mbele na kwenye upande wa ndani. Pima maji ya futi moja haitoshi kwa kazi hii, inaruka tumbo la mbao bila kuliona. Kaza kwa kabari mbili mbili zinazokutana, moja kutoka kila upande wa ukuta, nyuma ya kila sehemu itakayokuwa na bawaba na nyuma ya kitasa. Kabari moja peke yake inausokota mwimo.

Hamia mwimo wa pili, pima tena pembe kwa pembe.

Halafu ile hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Funga uzi kutoka kona ya juu kushoto hadi chini kulia, na mwingine kinyume chake, yote miwili kwenye uso wa fremu. Pale inapokatizana katikati, iguse tu kama nywele mbili. Ukiona nafasi kati yake, au mmoja unausukuma mwingine, fremu imesokotwa: mwimo mmoja uko mbele chini au juu. Kila mwimo unaweza ukaonekana mnyoofu ukiutazama peke yake na bado fremu ikawa imesokotwa. Mlango wa fremu kama hiyo utagusa ribeti juu na kubaki wazi chini kidole kizima, na hakuna randa itakayoutibu. Sogeza sasa, kabla ya msumari hata mmoja.

Ukiridhika, funga ukutani, rudia vipimo vyote, kisha ujaze nafasi.

Misumari, vyuma, au fisha?

Kama ukuta unajengwa sambamba na fremu: vipande vya chuma bapa vilivyofungwa kwa skrubu nyuma ya mwimo na kulazwa kwenye mota kati ya tofali, vitatu kila upande. Misumari ya inchi 5 iliyopigwa nyuma ikabaki imetokeza inatumika pia, sio mbaya kama mota imeshikana nayo vizuri.

Kama ukuta tayari upo: toboa mwimo na tofali kwa pamoja, ingiza fisha ndefu (ile plastiki inayotanuka ndani ya tundu) na skrubu, nne kila mwimo. Tafuta kuzificha ndani ya ribeti. Tofali zetu nyingi za mtaani ni laini, saruji imeibwa, kwa hiyo keekee ikiingia kama kwenye mchanga usiendelee hapo, sogea kwenye kiungo au tofali jingine. Msumari wa zege uliopigwa kwa hasira unapasua tofali na kuiacha fremu ikining'inia kwenye rangi.

Nijaze nafasi kwa mota au kwa povu la kopo?

Mota kavu kavu, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, ikishindiliwa kwa kipande cha ubao. Mota ya majimaji inalowesha mbao, mbao inavimba, na miimo inaingia ndani kama tumbo. Povu ni rahisi na safi, ila nalo linapanuka lenyewe na lina nguvu kuliko linavyoonekana. Kwa yote mawili, weka vijiti vya kutanua kati ya miimo, angalau viwili, chini na katikati, viwe na urefu sawa na nafasi iliyopo kati ya miimo kule juu. Viache siku tatu. Fundi atataka kuvitoa jioni hiyo hiyo ili apitishe toroli. Mwambie azunguke mlango wa nyuma.

Mwashi anasema miguu ya fremu izamishwe kwenye sakafu ndiyo ishike. Ni kweli?

Inashika kweli. Na inaoza kweli. Saruji inakunywa maji kutoka chini na kutoka kwenye kila deki ya asubuhi, na ncha ya mbao ndiyo sehemu inayonyonya kuliko zote, kama mrija. Niliitwa kwenye nyumba moja Chamazi, mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu, analalamika kitasa hakishiki. Nikaubonyeza mwimo kwa bisibisi pale chini, ikazama mpaka kwenye mpini. Sentimita kumi za chini zilikuwa unga, juu yake mninga mzuri kabisa. "Fundi, si uliniambia mninga hauozi?" Sikuwa mimi niliyemwambia, lakini nilimwelewa.

Acha miguu ya fremu ikome juu ya sakafu iliyokamilika, milimita chache, na uzibe nafasi hiyo kwa silikoni. Kushika ni kazi ya fisha na masikio. Ukilazimika kuzamisha, zamisha kipande cha nondo: toboa chini ya mwimo, ingiza nondo ya milimita 10, nusu ndani ya mbao na nusu kwenye sakafu. Mbao ibaki juu.

Na bafuni?

Hapo usicheze. Ncha za chini zipakwe lami mara mbili, silikoni izungushwe vizuri, na kama fedha ni ya shida, toa mninga chumbani uupeleke bafuni. Wengine wanaweka fremu ya alumini bafuni tu. Sikasiriki.

Mchwa?

Mbao ngumu inawachelewesha, haiwazuii wote, hasa kwenye ile nyeupe ya pembeni. Kinga bora inaanzia kwenye msingi, udongo ukitiwa dawa kabla ya jamvi. Kwenye fremu, paka dawa ya mbao nyuma na kwenye ncha kabla ya rangi ya lami. Mbao zenye dawa za kiwandani, zile za rangi ya kijanikijani, ukizikata unafungua sehemu ambayo dawa haikufika. Pakaa dawa hapo upya. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki ndani, moshi wake na majivu yake ni sumu.

Kwa nyumba ya zamani, tafuta vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda kwenye kona ya mwimo na ukuta, na gonga kwa mpini wa nyundo. Sauti ya debe tupu maana yake wameshakula ndani na kukuachia vanishi.

Oili chafu ya gari je?

Ni desturi ya zamani, na kwa nguzo ya uzio sina neno. Kwenye fremu, hapana. Vanishi haishiki juu yake, rangi inatoa madoa ya kahawia mwaka hadi mwaka, na lipu iliyogusana nayo haikamati vizuri. Nyumba nayo itanukia gereji.

Bawaba ngapi, na ziwekwe wapi?

Tatu za inchi 4 kwa mlango wa mbao ngumu. Ya juu ianze kama sentimita 18 kutoka juu ya mlango, ya chini sentimita 23 kutoka chini, na ya tatu katikati au juu kidogo ya katikati, kwa sababu bawaba ya juu ndiyo inayovutwa zaidi. Chonga kitanda cha bawaba kwa patasi kali, kina chake kilingane na unene wa bawaba. Ukizidisha kina, mlango unabana kwenye mwimo na skrubu zinaanza kung'oka. Mafundi wanasema mlango "unakataa".

Amua mapema mlango ufungukie upande gani. Chumbani ufungukie kwenye ukuta, sio kwenye kitanda, na swichi ya taa iwe upande wa kitasa. Nimeona nyumba ambayo lazima uingie gizani, ufunge mlango, ndipo ufike kwenye swichi.

Mlango wangu unajifungua wenyewe. Nifanye nini?

Mwimo wa bawaba umelala kidogo, mlango unatafuta chini kama maji. Kama ni kidogo, chomoa pini ya bawaba ya katikati, igonge nyundo mara moja ipate kupinda kwa kiasi cha kutoonekana, irudishe. Msuguano unatosha. Kama mwimo umelala zaidi ya nusu sentimita kwa kimo chote, pini haitakuokoa. Hamisha bawaba ya juu au ya chini ndani au nje ya mwimo mpaka pini zote zisimame kwenye timazi moja.

Mlango unaogusa juu upande wa kitasa ni suala jingine: kwanza kaza skrubu za bawaba ya juu. Tundu likiwa limechoka, lijaze njiti za mbao zilizopakwa gundi, zikate, kisha rudisha skrubu. Ukikimbilia randa kabla ya bisibisi, wakati wa kiangazi utabaki na ufa.

Naweza kubadilisha fremu ya zamani bila kubomoa ukuta?

Karibu. Kata lipu kwa kisu cha tofali au grainda, mstari ulionyooka sentimita 2 kutoka kwenye fremu, pande zote. Kata kila mwimo katikati kwa msumeno, mkato uwe wa mshazari, kisha ung'oe vipande kwa mtalimbo ukiegemea kipande cha ubao ili usivunje kona ya tofali. Masikio ya juu yakatwe na kuachwa humo humo kama hayajaoza. Fremu mpya itakuwa haina masikio, kwa hiyo ongeza fisha moja kila upande karibu na juu. Ule mkato wa lipu unafunikwa na mbao nyembamba za urembo za pembeni, na hapo ndipo zinapolipa gharama yake.

Nataka mlango wa kuchonga wa Kizanzibari. Fremu yake ni hii hii?

Hapana. Miimo yake ni minene na mipana, imechongwa, na mlango wenyewe ni mbawa mbili zenye mfaa katikati, ule mti uliosimama unaofunika kiungo. Uzito wake ni wa watu wanne. Kwenye nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu mlango kama huo uliingia ukuta unapojengwa, ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa nusu mita. Ukuta wa tofali za inchi 5 hauwezi kuubeba peke yake. Weka nguzo za zege pembeni mwa uwazi, zenye nondo, na umwambie mchongaji vipimo vya uwazi halisi kabla hajashika patasi. Mchongaji akishamaliza, hakuna kupunguza sentimita mbili.

Naweza kuifunga mwenyewe bila fundi?

Kama una timazi, futi kamba, keekee, na mtu wa kukushikia, fremu moja ya ndani itakuchukua siku nzima, ya pili nusu siku. Kuitengeneza fremu yenyewe, ulimi na tundu na ribeti, hiyo mwachie mwenye mashine.

Fundi amemaliza. Nikague nini kabla sijamlipa?

Njoo na uzi, kipande cha mita tano kinatosha, na futi kamba. Pembe kwa pembe. Uzi unaokatizana. Mlango ufungwe taratibu na uguse ribeti juu na chini kwa wakati mmoja. Uuache nusu wazi uhesabu hadi kumi: ubaki pale pale. Sukuma sarafu ya shilingi mia mbili kwenye nafasi ya pembeni, kutoka juu hadi chini. Isikwame mahali na kupwaya mahali pengine. Kisha inama uangalie miguu ya miimo. Kama saruji imeipanda, mwambie aikwangue leo, ikiwa bado mbichi.